Subaru ya turbo ya mtumba: bei ya mpakani haisemi hali ya injini

BWERA, Kasese – Msimu wa kahawa unapolipa vizuri, sehemu ya pesa inayozunguka Bwera na Mpondwe huishia kwenye magari. Wapo wanaonunua Fuso au Canter ili kuongeza uwezo wa kubeba mzigo. Wapo pia, hasa vijana ambao stoo zao zimeanza kusimama, wanaotaka gari la kukimbia. Nchini Uganda gari la kukimbia kwa kawaida maana yake ni Subaru: Impreza, Legacy au Forester yenye turbo.

Mapenzi hayo yana historia. Mwaka 1997 Colin McRae alishinda Safari Rally ya Kenya akiwa na Impreza, na mashindano ya mbio za magari ya Uganda yamejaa Subaru kwa miaka mingi. Kuna sababu ya kawaida pia. Gari linavuta kwa magurudumu yote manne, jambo ambalo mtu anayepanda Kisinga au Kyarumba wakati wa mvua halihitaji kufafanuliwa.

Hofu ya mnunuzi ni moja. Bodi anaiona, matairi anayagusa, viti anavikalia. Injini haioni. Na injini ya turbo ikifa, si matengenezo ya laki mbili au tatu yanayoweza kutolewa kwenye mauzo ya wiki. Inaweza kumeza faida ya msimu mzima, na kwa mwenye mtaji mdogo, mtaji wenyewe.

Soko ambalo muuzaji anajua zaidi

Mwaka 1970 mwanauchumi wa Marekani, George Akerlof, alichapisha makala kuhusu soko la magari yaliyotumika. Mwaka 2001 alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya uchumi pamoja na Michael Spence na Joseph Stiglitz. Hoja yake mchuuzi yeyote wa Mpondwe anaijua hata kama hajaisoma. Mwenye gari anajua hali yake, mnunuzi hajui. Kwa kuwa mnunuzi hawezi kutenganisha zima na bovu, anatoa bei ya kati kwa yote mawili. Mwenye gari zima anaona bei hiyo inamwonea, analirudisha nyumbani. Mwenye bovu anaifurahia. Polepole yanayobaki sokoni ni yale mabovu.

Wanunuzi wa kahawa walishapata dawa ya tatizo hilo. Hawanunui gunia kwa maneno ya mwenye gunia. Wanapiga bambo, wanatoa punje za katikati, wanaziangalia na kuzipima unyevu, ndipo bei inazungumzwa. Kwenye magari, mtu yule yule aliyepiga bambo magunia 80 asubuhi hutoa mamilioni jioni baada ya kusikiliza mlio wa injini kwa dakika tano na kuambiwa, "Injini hii ni ile ya kwanza, mzee, haijawahi kufunguliwa."

Tatizo kubwa la Subaru za turbo, kwa hiyo, si kwamba injini zake ni mbaya. Injini aina ya EJ20, ya lita 2 na silinda nne zinazolala ubavuni mbili kwa mbili, ilianza mwaka 1989 na ikaendelea kufungwa kwenye magari mapya hadi karibu mwaka 2020. Injini mbaya haidumu kiwandani miaka 30. Tatizo ni kwamba inasamehe makosa machache kuliko injini ya Toyota ya kawaida, na makosa ya mwenye gari wa kwanza, wa pili na wa tatu hayaonekani kwenye bei.

Kilomita za dashibodi

Jambo la kwanza ambalo wengi huuliza ni kilomita. Ndilo lenye faida ndogo zaidi. Namba ya dashibodi inaweza kurudishwa nyuma, na dashibodi nzima inaweza kubadilishwa kwa ile ya gari jingine. Hata namba ya kweli husema kidogo. Gari lililotembea kilomita 160,000 kwa oili safi linaweza kuwa na injini nzima kuliko lililotembea 90,000 mikononi mwa mtu aliyeongeza nguvu ya turbo kwa fujo.

Kwa gari linalotoka Japani moja kwa moja kuna karatasi mbili zenye uzito kuliko dashibodi. Ya kwanza ni karatasi ya mnada, ambayo mkaguzi wa mnada huandika daraja la gari, kilomita, michubuko na marekebisho. Gari la daraja la 4 au 4.5 ni la hali nzuri, na lenye herufi R au RA limewahi kugongwa na kutengenezwa. Ya pili ni hati ya Japani ya kufuta usajili kwa ajili ya kusafirisha gari nje, ambayo hubeba kilomita zilizoandikwa gari lilipopita ukaguzi wa serikali. Kama hati inasema 118,000 na dashibodi inasema 76,000, mazungumzo yaishie hapo.

Muuzaji anayesema karatasi zilipotea si lazima awe mwongo, kwani magari mengine yamepita mikono minne tangu Mombasa. Hata hivyo karatasi iliyopotea ni sababu ya kushusha bei.

Ieleweke pia kwamba ukaguzi unaofanywa Japani kabla ya gari kupakiwa melini, ambao shirika la viwango la Uganda, UNBS, huutaka, unahusu usalama wa gari barabarani. Hakuna anayefungua injini. Cheti hicho hakipaswi kuuzwa kwa mnunuzi kama ushahidi kwamba pistoni ni nzima.

Injini hizi hufa vipi

Kifo cha kwanza huanzia kwenye pampu ya mafuta. Impreza STI na ndugu zake zilizotengenezwa kwa ajili ya soko la Japani zilipangwa kutumia petroli ya hali ya juu ya nchi hiyo, ambayo kiwango cha Japani kinataka oktani yake isipungue 96, na vituo vingi huuza ya karibu 100. Oktani ni uwezo wa petroli kustahimili mgandamizo bila kuwaka kabla ya wakati. Petroli ya kawaida ya vituo vingi vya Afrika Mashariki iko chini ya hapo. Ile ya chupa na madumu inayouzwa kando ya barabara, na wale wauzaji ambao upande wa Kongo huitwa Kadhafi, haijulikani iko wapi, hasa kama imeongezwa mafuta ya taa.

Injini ikipewa petroli dhaifu huku turbo inasukuma hewa nyingi, mchanganyiko huwaka kabla ya wakati na kuipiga pistoni kama nyundo. Mafundi husema injini inagonga. Kompyuta ya gari husikia na kupunguza nguvu ili kujilinda, lakini ina mipaka yake. Kinachovunjika kwanza mara nyingi ni kuta nyembamba za pistoni zinazoshika ringi. Zikivunjika, silinda hiyo inapoteza kompresheni, injini inaanza kula oili, na moshi wa bluu unatokea nyuma. Gari bado linatembea. Linaweza kuuzwa likiwa katika hali hiyo, na huuzwa.

Hapa ndipo pilipili ya vijana inapozidisha moto: bomba kubwa la moshi, kifaa cha kuongeza msukumo wa turbo, kichujio cha hewa cha wazi kilichonunuliwa Kampala. Kila kimoja peke yake huenda kisiue. Vikikusanyika bila kompyuta ya gari kupangwa upya na mtu anayejua, injini inapata hewa nyingi kuliko petroli. Subaru ambayo haijaguswa ina thamani kubwa kuliko iliyopambwa, ingawa mtaani bei huwekwa kinyume.

Kifo cha pili ni cha oili. Turbo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na kinachoiokoa ni utando mwembamba wa oili. Mwenye Fuso analijua hili kwa vitendo, maana akimaliza mlima huacha injini ingurume kidogo kabla ya kuzima. Wenye magari madogo wengi hawafanyi hivyo. Oili inayobaki ndani ya turbo yenye moto huungua na kuwa masizi, na masizi huziba njia. Baadhi ya injini za Subaru za turbo za miaka ya 2000 zina wavu mdogo wa kuchuja ndani ya bolti ya bomba linalopeleka oili kwenye turbo. Wavu huo ukiziba, turbo inakauka. Ikisagika, vipande vyake huingia kwenye oili na kwenda kula beringi za krenkishafti. Mnunuzi aliyedhani anabadilisha turbo hujikuta anabadilisha injini.

Kwa injini ya namna hii, kubadilisha oili kila kilomita 5,000 si anasa. Anayeuza gari na hawezi kutaja oili gani aliyoweka, wala lini, amekwisha kujibu swali.

Mkanda wa taiming nao haufai kusahauliwa. EJ20 inatumia mkanda, si cheni, na muda wake ni kama kilomita 100,000. Ukikatika, pistoni hukutana na vali na kuzipinda. Kama hakuna risiti wala alama ya tarehe ya kuubadilisha, mnunuzi ahesabu kwamba ni wa zamani, na gharama ya mkanda, puli zake na pampu ya maji iingizwe kwenye bei.

Joto hutajwa sana mitaani kuhusu Subaru, na hapa kuna mkanganyiko. Sifa mbaya ya kuvuja kwa gasketi ya silinda hedi ilitoka hasa kwa injini za lita 2.5 zisizo na turbo za mwishoni mwa miaka ya 1990 na miaka ya 2000. EJ20 ya turbo haina ugonjwa huo kwa kiwango hicho. Lakini gari lolote lililowahi kuchemka barabarani likaongezwa maji ya mtoni na kuendelea na safari linaweza kuwa limeshapinda hedi, na rejeta iliyojaa kutu ni shahidi.

Sio Subaru zote ni moja

Legacy za turbo mbili, zilizotengenezwa kati ya 1993 na 2003, zina mtandao wa mipira ya hewa na vali ndogo ambao fundi wengi hawapendi kuuona. Turbo ya pili ikikataa kuingia, kutafuta sababu kunaweza kuchukua wiki. Bei yake huwa ya kuvutia, na sababu ndiyo hiyo. Legacy za kuanzia 2003 zilirudi kwenye turbo moja.

Kuna jambo la sheria. Mwaka 2018 Uganda ilipiga marufuku kuingiza magari yaliyofikisha miaka 15 tangu kutengenezwa. Kenya inakataa yaliyozidi miaka minane. Maana yake, Impreza za zamani zinazopendwa Kasese ni zile ambazo tayari ziko nchini na zinapokezana mikono. Hizo hazina karatasi ya mnada ya juzi, na historia yake ni barabara za Uganda. Viwango vya umri na tozo ya mazingira huguswa mara kwa mara kwenye bajeti, hivyo anayeagiza amuulize wakala wa forodha kabla ya kutuma pesa, si baada ya gari kufika bandarini.

Kwa anayeagiza, uchaguzi umehamia kwenye magari mapya zaidi: Forester XT ya kuanzia mwishoni mwa 2012, WRX S4 na Levorg za kuanzia 2014. Injini zake hutumia cheni badala ya mkanda, na hunyunyiza petroli moja kwa moja ndani ya silinda. Faida ni nguvu na ulaji mdogo. Ubaya ni kwamba petroli haioshi tena vali za kuingiza hewa, kwa hiyo kaboni hujikusanya hapo. Levorg ya lita 1.6 ina sifa moja ambayo wauzaji hawaitangazi vya kutosha: iliundwa kutumia petroli ya kawaida ya Japani. Haina sauti ya kugeuza vichwa sokoni. Kwa mtu wa Bwera anayejaza mafuta popote anapofika, huenda ndiyo turbo yenye akili kuliko zote.

Bambo la injini

Gari likaguliwe likiwa baridi. Muuzaji akisema ameliwasha "ili lipate joto kidogo" kabla mnunuzi hajafika, arudi kesho. Injini ya moto huficha sauti ya pistoni zilizolegea na moshi wa asubuhi. Kifuniko cha oili kikifunguliwa kisiwe na ute kama maziwa. Maji ya rejeta yasitoe mapovu injini ikiwa inanguruma. Plagi zikitolewa ziangaliwe zote nne, maana moja yenye oili inatosha kueleza hadithi.

Kisha ipimwe kompresheni. Kwenye Subaru kazi hiyo ni ya kuchosha kwa sababu plagi ziko ubavuni, karibu na kuta za bodi, na ndiyo sababu mafundi wavivu husema haina haja. Ina haja. Namba yenyewe hutofautiana kulingana na injini na kipimo, kinachotafutwa ni ulinganifu. Silinda tatu zikisoma karibu sawa na moja ikawa chini kwa zaidi ya asilimia 10 hivi, gari hilo ni la kuachwa au la kununuliwa kwa bei ya bodi. Silinda namba 4 iangaliwe kwa makini, kwani mara nyingi ndiyo hutangulia kuumia. Fundi awe wa mnunuzi, na alipwe iwe gari limenunuliwa au la. Fundi anayesubiri kamisheni ya mauzo ni dalali mwenye spana.

Majaribio ya kuzunguka Bwera mjini hayatoshi. Barabara ya kwenda Kikorongo ni nzuri kwa kusikiliza gia na magurudumu, lakini mzigo kwa injini haupo. Jaribio lenyewe liko mbele zaidi: kupita daraja la Katunguru na kupanda ngazi ya bonde la ufa pale Kichwamba. Kupanda huko bila kusimama, kipimo cha joto kikiwa hakitikisiki na kioo cha nyuma kikiwa hakina moshi, kunaeleza mengi kuliko masaa mawili ya maneno. Juu, gari liachwe lingurume dakika moja, lizimwe, liwashwe tena.

Hesabu

Tuchukue mfano. Impreza mbili zinauzwa. Ya kwanza shilingi milioni 24, haina karatasi na mwenyewe hataki plagi zitolewe. Ya pili milioni 27, ina risiti za huduma na inaruhusiwa kupimwa. Tuseme injini nyingine, pamoja na kuifunga, ni milioni 8. Kama uwezekano wa injini ya kwanza kufa ndani ya mwaka ni nusu, ongeza milioni 4, gari linakuwa la milioni 28. Kama wa pili ni moja kwa kumi, ongeza laki 8, linakuwa la milioni 27.8.

Tofauti ni ndogo, laki mbili tu. Lakini mfanyabiashara mdogo halipi wastani. Analipa milioni 8 zote kwa siku moja, au halipi kitu. Mwenye yadi ya magari 20 anaweza kubahatisha kwa sababu hasara ya moja hufidiwa na mengine. Mwenye gari moja, anayelitumia kuwahi wakulima asubuhi na benki ya Kasese mchana, hana cha kufidia, na siku ambazo gari limelala gereji wapinzani wake wananunua kahawa. Kwake milioni 3 za ziada ni bima.

Injini iliyobadilishwa

Injini ikifa, wengi hutafuta ya mtumba eneo la Kisekka, Kampala. Hizo nazo zimetolewa kwenye magari yaliyovunjwa, na bambo lake ni gumu zaidi kwa sababu haiwezi kupandishwa Kichwamba ikiwa chini. Dhamana ya muuzaji ya siku chache iandikwe, si kuahidiwa.

Mpakani suala hilo lina upande wa pili. Namba ya injini imepigwa kwenye bloku, juu, karibu na gia boksi, na kitabu cha gari kina namba yake. Zikitofautiana, na hakuna hati inayoonyesha injini ilinunuliwa wapi, gari linakuwa na maswali mbele ya polisi na forodha hata kama mwenyewe ni mwaminifu. Tangu Kongo ikubaliwe katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na tangu kazi ya barabara ya Kasindi–Beni–Butembo izinduliwe Juni 2021, wanaofikiria kuvuka daraja la Lhubiriha na magari madogo wana sababu zaidi ya kufanya hivyo. Anayevuka kwa muda anahitaji kitabu cha gari kinacholingana na gari, kibali cha forodha na bima ya kadi ya njano ya COMESA. Gari lenye injini isiyo kwenye kitabu linaweza kuzuiwa huku na mzigo wa mwenyewe ukisubiri ng'ambo.

Kwa hiyo siku ya kusaini mbele ya mwenyekiti wa LC1, mkataba utaje namba ya chasisi na namba ya injini kama zilivyosomwa kwenye chuma siku hiyo, kilomita za dashibodi, na matokeo ya kompresheni ya silinda zote nne. Fundi aliyepima naye asaini.